Picha Iliyobandikwa Upande wa Ubelgiji

Godefroid Kitenge alikuwa amefundisha jiografia kwa miaka arobaini na moja, na katika miaka yote hiyo hakuwa na somo alilolipenda kama lile la Ubelgiji na Uholanzi. Wanafunzi wa Shituru, mtaa wa mji wa Likasi huko Kongo, walilijua hata kabla ya kufika darasani kwake, kwa sababu kaka na dada zao walikwisha kulisikia, na wengine hata baba zao. Aliingia na chaki mbili, akachora mstari katikati ya ubao kutoka juu hadi chini, kushoto akaandika Ubelgiji, kulia Uholanzi, kisha akageuka na kufuta mikono kwenye suruali.

"Hawa ni majirani," alisema. "Tuone kama majirani wanafanana."

Somo lilikuwa la Kifaransa, kama yalivyo masomo yote ya sekondari, lakini alipotaka jambo liingie kichwani likae alihamia Kiswahili cha nyumbani. Ubelgiji, kilomita za mraba elfu thelathini na kitu. Uholanzi, elfu arobaini na moja na kitu. Hapo aliwaambia kwamba mkoa wao wa Haut-Katanga ungezimeza nchi zote mbili, na bado pangebaki nafasi ya kulima mahindi. Watu? Ubelgiji karibu milioni kumi na mbili, Uholanzi milioni kumi na nane.

"Inchi kidogo, bantu mingi," alisema. "Na bote banapata mahali pa kulala. Juu ya nini iko vile? Mufikiri."

Halafu ilifika sehemu aliyoipenda kupita zote, ile ya ardhi yenyewe. Ubelgiji huanza tambarare kule pwani, kisha hupanda, hupanda, mpaka milima ya Ardennes kusini, ambako kilele chake kinakaribia mita mia saba. Uholanzi haipandi. Kilima chake kikubwa kina mita mia tatu na ishirini tu, na hicho nacho kiko pembeni kabisa, pale inapogusana na Ubelgiji. Robo ya nchi iko chini ya usawa wa bahari. Watoto wa Likasi, waliozaliwa katikati ya vilima, hawakuamini kamwe.

"Muliisha kuona ukuta inafunga maji ku Mwadingusha?" aliwauliza. "Maji iko huku juu, mutu eko huku chini. Sasa mufikiri mutu anajenga nyumba yake kule chini ya ukuta, anaweka kitanda, anazaa batoto. Njo Hollande ile."

Godefroid alikuwa Mkasai, asili yake mkoa wa Kasai. Babu yake aliletwa Katanga na kampuni ya migodi, baba yake alizaliwa katika nyumba za kampuni, naye vilevile. Lakini mwaka 1992, Wakasai walipofukuzwa Katanga, hakuna aliyemuuliza alizaliwa wapi. Yeye na mkewe Julie, pamoja na binti yao Carmen aliyekuwa bado ananyonya, walilala wiki saba katika kituo cha treni cha Likasi, juu ya saruji, wakingoja treni ya kuwapeleka nchi ambayo hawakuwahi kuiona. Mtu mmoja tu wa Shituru alikuja kuwaona mchana kweupe, bila kujificha: Barnabé, jirani yao, mfanyakazi wa reli, ambaye hakuwa Mkasai. Alikuwa akiwaletea maji na bukari, ugali wa kule, na alipotukanwa na wenzake alijibu matusi. Treni yao haikuwahi kuwachukua. Mambo yalipopoa walirudi, wakakuta nyumba haina milango, wakaanza upya. Tangu siku hizo Godefroid alihesabu kwamba duniani kulikuwa na watu wawili ambao hawangeweza kumdanganya. Mmoja alikuwa mkewe, na mwingine alikuwa Barnabé.

Miaka minne baadaye alizaliwa Philippe, na Philippe ndiye aliyekuja kumfanya Godefroid atembee kifua mbele. Kijana aliingia shirika la mapadre, na mwaka 2019 wakubwa wake walimtuma Ubelgiji, mji wa Namur, kusoma teolojia. Godefroid aliijua Namur bila kuwahi kufika. Alijua kwamba mto Sambre unaingia hapo ndani ya mto Meuse, na kwamba juu yake kuna kilima chenye ngome. Siku ile Philippe alipoaga, baba alimchorea mji mzima kwenye jalada la daftari, akamwambia mahali pa kusimama ili aone mito yote miwili kwa pamoja.

Tangu hapo, kila mwezi, jumuiya ya mtaa ilipokutana kusali, Barnabé, ambaye sasa alikuwa katekista, alikuwa akimtaja "mseminari wetu Philippe" katika maombi, na watu wote waliitikia. Na kila Januari Godefroid alisimama kueleza mtoto amefika wapi. Upadrisho ulikuwa umekawia. Mwaka wa korona ulirudisha kila kitu nyuma, kisha, kwa alivyoambiwa na mkewe na Philippe mwenyewe kwenye simu, wakubwa walitaka aongeze shahada nyingine. "Amebakisha miaka miwili," alisema Januari moja. Na Januari iliyofuata, "Amebakisha mwaka mmoja na nusu." Watu walitikisa vichwa, na hakuna aliyeuliza swali.

Mwezi wa pili mwaka huu, somo lilipokaribia, Godefroid alipata wazo ambalo alijiuliza kwa nini halikumjia zamani. Alimwandikia Philippe kwenye simu: atume picha za Namur, ili wanafunzi waone nchi yenyewe badala ya chaki tu. Philippe alikaa siku nne bila kujibu. Siku ya tano zikaja picha tatu. Moja ilionyesha ngome juu ya kilima, jua kali, miti imejaa majani. Ya pili ilikuwa ya kanisa. Ya tatu ilionyesha maji yaliyonyooka kama rula, barabara nyembamba pembeni yake, na ng'ambo nyumba za matofali zenye paa nyekundu. Chini yake kijana aliandika: "Hii ni hapa karibu na ninapoishi, papa. Niliipiga mwenyewe leo asubuhi."

Godefroid alizipeleka mjini kwa mpiga picha mmoja karibu na soko, zikachapwa kubwa, akazibeba nyumbani ndani ya bahasha iliyofunikwa na mfuko wa plastiki kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha. Alimwonyesha Julie. Julie alizitazama zote tatu, ile ya mwisho kwa muda mrefu kidogo.

"Ni muzuri," alisema, na akaenda kutazama chungu.

Siku ya somo Godefroid alichora mstari wake, akabandika picha zote tatu upande wa kushoto, chini ya neno Ubelgiji, kwa vipande vya utepe. Darasa lilikuwa na wanafunzi arobaini na wawili. Aliwaambia kwamba aliyepiga ile picha ya tatu ni mwanawe, na wakanyamaza kwa heshima. Aliwapitisha kwenye ukubwa wa nchi, kwenye idadi ya watu, akafika kwenye ardhi. Akahamia upande wa kulia.

"Huku," alisema, "maji iko juu, bantu beko chini. Ukisimama ku mulango ya nyumba yako, mashua inapita juu ya kichwa yako. Na hakuna mulima, unaona mpaka mwisho. Sawa vile..."

Alikuwa amenyoosha mkono kutafuta mfano, na macho yake yakafuata mkono mpaka kwenye picha ya mwanawe.

Alisogea karibu. Maji yale yalikuwa juu. Barabara nyembamba ilikuwa juu ya tuta, na zile nyumba za ng'ambo, kutoka pale mpiga picha aliposimama, zilionyesha paa zake na nusu tu ya kuta. Paa zilikuwa karibu sawa na maji. Nyuma yake hapakuwa na kilima, hata kichuguu. Miti ilikuwa mitupu, kama inavyokuwa kule mwezi wa pili, wakati miti ya picha ya ngome ilikuwa na majani ya kiangazi. Picha mbili za mji mmoja, zilizotumwa siku moja, katika majira mawili. Alikuwa amezibeba wiki nzima. Alikuwa amezionyesha majirani. Macho yake yalikuwa yameziona bila yeye kuziangalia, kwa sababu zilitoka kwa mtoto wake.

Wanafunzi walisubiri. Mmoja alikohoa. Godefroid alibandua picha ya tatu taratibu, utepe ukang'oa rangi kidogo ubaoni, akavuka mstari na kuibandika upande wa kulia, chini ya Uholanzi. Akaendelea na mito, akaendelea na bandari, akawapa kazi ya kuandika, na kengele ilipolia akawashukuru kama kawaida.

Alitembea hadi nyumbani kwa miguu, akavuka reli bila kutazama kulia wala kushoto. Julie alikuwa anapiga pasi ya makaa mashati yake ya shule, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika.

"Mama Carmen," alisema akiwa bado mlangoni, "Philippe eko wapi?"

"Eko ku Namur. Juu ya nini unauliza?"

"Minakuuliza mara ya pili. Philippe eko wapi?"

Julie aliisimamisha pasi. Hakushangaa wala hakuuliza maana ya swali, bali alisema, "Nani alikuambia?"

Baadaye Godefroid alisema kwamba maneno yale mawili ndiyo yaliyomvunja, kuliko yote yaliyofuata. Mpaka pale alikuwa bado na tumaini kwamba mkewe naye alikuwa amedanganywa, na kwamba wangekaa chini wawili kulia pamoja.

"Hakuna mutu," alijibu. "Niliona mwenyewe. Mbele ya batoto ya masomo."

"Ikala kwanza, Papa Carmen. Presha yako..."

"Usinitajie presha."

Basi Julie akaeleza, amesimama, mikono juu ya shati. Mwishoni mwa mwaka 2021 Godefroid aliangushwa na mshipa wa kichwa, akalazwa wiki tano, mkono wa kushoto haunyanyuki. Daktari alisema asipewe habari za kumshtua. Ilikuwa katika wiki ya pili ndipo barua ilipofika kutoka kwa wakubwa wa shirika: Philippe aliomba kuondoka, wakamruhusu, na kwa moyo mweupe wanawaombea wazazi wake. Barua ilipita kwa Barnabé, parokiani, naye akaileta kwa Julie mkononi. Carmen alikuja kutoka Lubumbashi kuwasomea. Watatu hao walikaa hapa hapa sebuleni, wakakubaliana.

"Nilisema, apone kwanza," Julie alieleza. "Ukapona. Kisha ukaenda kusimama mbele ya bantu bote ku jumuiya, ukasema mutoto anabakisha myaka mbili. Nikaona, nikimwambia sasa, minye njo nitamuua. Nikangoja. Na kila mwezi ile nilingoja, ikakuwa nguvu zaidi."

"Myaka tatu na zaidi, Julie."

Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu Carmen alipozaliwa. Julie alilisikia, na macho yake yakajaa.

"Eko Hollande?"

"Gouda. Anatumika kazi mahali banapanda maua, ndani ya nyumba ya vioo. Alioa. Bibi yake ni Sylvie, mutoto ya Kolwezi."

"Kuko kingine?"

Julie alianza kulikunja lile shati.

"Sema kama kuko kingine."

"Kuko mutoto mwanamuke. Eko na myaka mbili. Banamuita Julie."

Godefroid alitafuta kiti kwa mkono, akakaa. Aliuliza kama mkewe alikwisha kumwona huyo mtoto. Julie alisema ndiyo, kwenye simu ya Barnabé, kila Jumapili, wakati Godefroid alipokuwa mazoezini na kwaya. Mtoto alikuwa anajua kupuliza busu. Aliota meno akiwa na miezi mitano. Julie alianza kueleza kuhusu meno, kama bibi yeyote, kisha akakumbuka anamweleza nani, akanyamaza.

Alipotoka hapo Godefroid alikwenda kwa Barnabé, nyumba ya tatu. Barnabé alikuwa uani anatengeneza baiskeli. Alipoona uso wa rafiki yake aliweka chini ufunguo wa nati, akapangusa mikono, akasimama wima kama mtu anayeitwa na hakimu.

"Weye njo ulileta barua," Godefroid alisema.

"Njo minye."

"Na kila mwezi ulikuwa unasali. Mseminari wetu Philippe. Minye niko pale, naitika. Ulikuwa unaombea nani, Barnabé?"

"Nilikuwa naombea Philippe. Mungu alijua eko wapi."

"Mungu alijua. Weye ulijua. Bibi yangu alijua. Carmen alijua. Minye pekee nilikuwa naombea mutu hayuko." Alivuta pumzi. "Bengine nabo?"

Barnabé alitazama baiskeli.

"Bengine ku jumuiya, banajua?"

"Siri ya bantu batatu, weye unajua vile inafanyaka. Kidogo kidogo. Ndiyo, banajua. Lakini hakuna mutu alikucheka hata siku moja, Godefroid. Hiyo minaapa. Bote balikuwa banakuhurumia."

Huenda Barnabé alidhani anampa kitulizo. Godefroid alikumbuka vile vichwa vilivyokuwa vikitikisika kila Januari, na ukimya ule alioudhani ni heshima. Alikuwa amesimama mbele yao mara tatu na kuwasomea ramani ya safari ambayo kila mmoja wao alijua imekwisha. Angependa zaidi wangemcheka.

"Ku kituo," alisema, "balikutukana juu yangu, na haukunificha kitu. Leo njo unanificha?"

Godefroid akageuka, akaenda zake.

Philippe alimpigia kesho yake mchana, kwa sababu mama yake alikuwa amemtahadharisha. Godefroid aliacha simu ilie mara mbili, mara ya tatu akapokea.

"Papa, minaomba masamaha."

"Ile picha," baba alisema. "Uliituma kwa makosa?"

"Hapana, papa."

"Eleza."

"Mama alinikatazaka kusema. Kila mara nilitaka kukuambia, alisema utakufa. Nikafikiri: sitasema, lakini papa akiona maji ile, ataelewa. Weye njo ulinifundisha. Nilichoka kuishi Namur."

Kwa kitambo Godefroid alikaribia kulainika. Mwanawe aliyaamini macho ya baba yake. Lakini hapo hapo akajiona tena ubaoni, mkono umenyooka, jozi arobaini na mbili za macho zimemkodolea.

"Uliandika ni karibu na fasi unaikala. Lakini juu yake uliweka ile ya ngome, ya uongo. Ukachanganya ukweli na uongo, ukanipa minye kazi ya kuchagua. Ungesema kwa kinywa, Philippe. Kuacha seminari si zambi. Ningelia siku tatu, kisha ningekuuliza jina la bibi yako. Munaninyima hata kile kilio."

Philippe alikuwa analia waziwazi sasa. Baba hakukata simu, ila hakuongeza neno, mpaka ikakatika yenyewe.

Alihamisha nguo zake kwenye chumba cha Philippe, kilichokuwa kimetunzwa miaka sita na kitanda kimetandikwa. Alikula alichopikiwa, akashukuru, basi. Carmen alikuja kutoka Lubumbashi, akapita Kapolowe kununua samaki anaowapenda baba yake, akapiga magoti mbele yake. Alimwinua, akamwambia amesafiri mbali, apumzike. Samaki walipoletwa mezani aliwasogeza upande wa wengine.

Jumuiya ilipokutana mwezi wa tatu, watu walidhani hatakuja. Alikuja, katika shati lililopigwa pasi vizuri, akaomba kusema kabla ya maombi. Alisema kwamba mwanawe Philippe si mseminari tena, ameoa, ana mtoto mmoja, anaishi Uholanzi na anafanya kazi ya halali. Alisema jina la mji, akaeleza hata uko upande gani wa nchi. Kisha akasema: "Sawa vile muliisha kujua." Hakuna aliyeinua uso. Mama mmoja alianza wimbo, akauacha katikati. Barnabé alipofika kwenye maombi alisoma majina ya wagonjwa, akafunga kitabu mapema.

Baada ya hapo Godefroid hakurudi tena kwenye jumuiya hiyo. Sasa anasali misa ya kwanza parokiani, anakaa nyuma. Barnabé humsalimu njiani, naye huitikia salamu kamili, afya, nyumba, watoto, bila kusimama.

Ilikuwa baada ya Pasaka ndipo alipokubali kumwona mtoto. Sasa simu ilikuwa ya Julie mwenyewe, hapakuwa tena na haja ya kwenda kwa jirani. Aliitwa, akaja, akasimama nyuma ya kiti cha mkewe. Kwenye kioo kulikuwa na kichwa cha mviringo, nywele zimefungwa mafundo manne, na macho ambayo Godefroid aliyajua kwa sababu yalikuwa ya mama yake mzazi. Mtoto alimnyooshea kidole na kusema neno fupi.

"Anasema nini?" Godefroid aliuliza.

"Opa," Julie alijibu bila kufikiri. "Njo babu, kwa luga ya kule."

Julie alilijua lile neno tangu zamani. Alikuwa na mengine mengi, ya maziwa, ya kulala, ya viatu, aliyofundishwa na mtoto Jumapili baada ya Jumapili. Godefroid alilirudia lile neno kwa mtoto, na mtoto akacheka, na yeye, akashindwa kujizuia, akacheka pia. Julie aligeuka kumtazama, uso umefunguka. Godefroid hakumtazama. Aliendelea kumwangalia mtoto mpaka simu ilipokwisha.

Siku hizi wanazungumza. Amerudi hata kwenye chumba chao, kwa sababu mgongo ulimkataa kile kitanda chembamba. Mtu akipita na kuwakuta uani atasema ni wazee wawili wanaoishi kwa amani. Lakini Julie akimwambia unga umeisha, Godefroid huinuka, huenda jikoni, hufunua ndoo na kutazama ndani mwenyewe, kisha hurudi na kusema, "Ndiyo, uliisha." Julie haulizi kwa nini. Huchukua kikapu chake na kwenda sokoni.